Mfarishi wa Viraka: Shauri kwa Waanzao Kushona



Sisi tukaao nyanda za juu za Njombe twaijua baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Usiku wa namna hiyo mtoto asiye na cha kujifunika halali, na asiyelala hasomi. Blanketi ni ghali. Walakini chini ya meza ya kila fundi wa cherehani vimo vipande vya vitenge na kanga vingojavyo kutupwa. Kwa vipande hivyo mtu aweza kushona mfarishi, yaani blanketi la matabaka matatu: juu uso wa viraka, katikati kitu cha kutia joto, na chini bitana, yote yakishikwa pamoja kwa mishono. Kazi hii si ngumu, ila ina taratibu zake, nami nilizijua kwa kuzivunja.

Miaka sita iliyopita binti yetu aliitwa shule ya bweni, na zilibaki siku nane. Fundi mmoja alitupa mfuko wa vipande, vingi vyekundu vya kanga, na vingine vyeupe vya marekani. Mke wangu akasema, "Baba watoto, tuvifue kwanza." Nikamjibu, "Mama watoto, siku ni chache. Na vitambaa vipya vina uchafu gani?" Akanyamaza, nasi tukashona usiku kwa usiku. Pamba tuliijaza katikati, tukashona kandokando tu. Mtoto akaenda na mfarishi wake kwa furaha.

Aliporudi likizo nalimkuta akiuanika nyuma ya jiko, mahali pasipoonekana. Wekundu ulikuwa umeingia katika weupe, na pamba yote imekusanyika pembe moja kama mto. Nikamwuliza, "Mwanangu, ulijifunika nini muhula wote?" Akasema, "Kitenge, Baba. Tafadhali usimwambie Mama. Alikesha sana kwa ajili yangu." Maneno yale yalinichoma kuliko kama angalilalamika, maana kosa halikuwa la mama yake. Jioni ile nikamweleza mke wangu habari yote, nikamwomba radhi, tukaanza upya. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, fueni kila kitambaa kabla ya kukikata. Kitambaa kipya cha pamba hurudi kikifuliwa, tena rangi nyekundu na nyeusi huchujuka. Kiloweke peke yake katika bakuli pamoja na kipande kidogo cheupe. Kile cheupe kikitoka na rangi, fua tena hata maji yawe safi. Usitegemee chumvi, kwa kuwa haizuii rangi ya nguo za dukani. Kitambaa kisichoacha kuchuja, kiweke kando kwa kazi nyingine.

Pili, kateni kwa kipimo kimoja. Fanya kigezo cha karatasi ngumu, mraba wa inchi 5 kila upande, ukate viraka vyote kwa hicho. Usipime kiraka kipya kwa kiraka ulichokwisha kukata, maana kosa dogo la kwanza litakua hata la mwisho. Fuata uzi wa nguo. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, na mraba hupotea umbo lake. Usichanganye nguo zinazovutika na vitenge.

Tatu, mshono uwe wa robo inchi daima. Kila kiraka hupoteza robo inchi pande zote, hata inchi 5 hubaki inchi 4 na nusu. Basi viraka 10 kwa upana na 14 kwa urefu, yaani 140, hufanya uso wa inchi 45 kwa 63, unaomtosha mtoto. Lakini anayeanza asianze na 140. Na aanze na 16, vinne kwa vinne, apate mto au kifuniko cha meza cha inchi 18. Akikosea hapo, hasara yake ni ndogo, na mkono wake umekwisha kufundishwa.

Nne, pigeni pasi kila mstari uliokwisha kushonwa. Mstari wa kwanza laza mishono kuume, wa pili kushoto, na kuendelea hivyo; ndipo pembe zitakapokutana bila kufanya kinundu. Ukitumia pasi ya mkaa, pangusa majivu yake kwanza.

Tano, shikizeni matabaka kabla ya kuyashona. Tandaza bitana, nayo izidi uso kwa inchi 3 kila upande. Weka katikati blanketi jembamba lililochakaa, ambalo kwa anayeanza ni jepesi kuliko pamba mbichi. Kisha laza uso juu yake. Piga bandi kwa mishono mirefu ukitoka katikati kwenda pembeni. Halafu shona mishono yenyewe kwa njia iyo hiyo, mistari isiachane kupita upana wa kiganja. Hapo ndipo tulipokosa sisi: mishono ya kandokando tu haiwezi kushika kitu kilichomo ndani. Uzi usizidi urefu wa mkono toka kiwiko hata vidole, usije ukajifunga mafundo. Na kidole kivae subana. Mwisho punguza pembe, uzungushe ukingo wa kitambaa cha upana wa inchi 2 na nusu, kilichokunjwa mara mbili.

Huenda mtu akasema kwamba viraka ni alama ya umaskini tu. Na amfikiri Harriet Powers, mwanamke Mwafrika wa Marekani, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Baada ya kuwekwa huru alishona mfarishi wenye picha 11 za habari za Biblia, kama Adamu na Hawa, na ndoto ya Yakobo, akaupeleka katika maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa alitaka kuununua, yeye akakataa. Mwaka 1891 shida ilipombana aliuuza kwa dola 5, naye alikuwa ametaka 10. Kisha akarudi mara kadha wa kadha kuutazama. Leo mfarishi huo umehifadhiwa Washington katika jumba la makumbusho ya taifa, na mwingine wake uko Boston. Mikono iliyoushona ilikuwa ya maskini, lakini kazi yenyewe ni hazina.

Mfarishi wetu wa pili ulichukua miezi minne. Binti yetu alimaliza shule nao, na sasa mdogo wake aulalia. Umefuliwa mara nyingi, na weupe wake ungali mweupe. Huanikwa mbele ya nyumba.

Haraka haraka haina baraka, wazee walinena. Basi jirani, kamwombe fundi vipande juma hili, uvifue, ukate 16. Na mkeo akikuambia, "Tufue kwanza," msikilize.