Kuchagua Vifaa vya Kusugua na Kung'arisha: Yalinde Mapafu Yako na ya Jamaa Zako

Waraka huu unawahusu wanaoondoa kutu, kusugua na kung'arisha chuma au mawe katika karakana za Riyadh na Jeddah, pamoja na jamaa wanaoishi nao. Kazi hii haikosi soko: hewa ya chumvi ya Bahari ya Shamu hula vyuma vya Jeddah, na majengo ya Riyadh hupambwa kwa mawe yaliyong'arishwa. Lakini vumbi lake laweza kuharibu mapafu kwa miaka mingi kabla ya mtu kuhisi lolote.

Kwa nini mchanga ni hatari?

Mchanga wa jangwani, ambao kwa Kiarabu huitwa raml, hupatikana kwa urahisi. Ndiyo sababu huwavutia wanaotaka kuupuliza kwa kompresa ili kuondoa kutu. Sehemu kubwa ya mchanga huo ni madini ya silika. Punje zinapogonga chuma hupasuka na kuwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, ambalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuponya, na huongeza hatari ya kifua kikuu na saratani ya mapafu. Uingereza ilikataza kusafisha vyuma viwandani kwa mchanga kupitia kanuni za mwaka 1949. Uturuki ilipiga marufuku kupuliza mchanga kwenye nguo za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana wengi kuugua.

Tutumie nini badala yake?

• Chuma cha kawaida chenye kutu: tumia garneti, au punje za chuma ndani ya chumba kilichofungwa. Punje za chuma hukusanywa na kutumika tena mara nyingi.

• Chuma cha pua na aluminiamu: tumia shanga za kioo au oksidi ya aluminiamu. Punje za chuma huacha mabaki yanayoota kutu.

• Karatasi za msasa: namba ndogo ina maana ya punje kubwa. Anza na 80, kisha 120, 240 na 400. Ukiruka hatua, mikwaruzo hubaki, nawe utakaa muda mrefu zaidi katika vumbi.

• Mawe: marumaru halisi huwa na silika kidogo, granaiti ina nyingi, na mawe bandia ya meza za jikoni yaweza kuwa na zaidi ya asilimia 90. Yakatwe na kung'arishwa kwa maji, kamwe si makavu.

Kumbuka kwamba rangi kuukuu huweza kuwa na risasi. Hapo hata garneti hutoa vumbi lenye sumu.

Kinga ya pumzi

Kitambaa au shemagi haichuji vumbi hili. Anayepuliza avae kofia maalumu inayoletewa hewa safi ya kupumua. Anayesugua avae barakoa ya daraja la FFP3, iliyoshika uso barabara. Ndevu huacha mwanya. Usifagie vumbi likiwa kavu wala usilipeperushe kwa kompresa.

Nyumbani

Badili nguo na uoge kabla ya kurudi. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani. Ziloweshwe kwanza, kisha zifuliwe peke yake. Anayezifua naye aweza kuvuta vumbi hilo, na watoto vilevile.

Umuone daktari lini?

Nenda hospitali ukiwa na kikohozi kisichokoma, pumzi fupi unapopanda ngazi, au ukipungua uzito bila sababu. Mweleze daktari umefanya kazi gani na kwa miaka mingapi. Bila habari hiyo, ugonjwa waweza kudhaniwa kuwa mwingine. Kwa ushauri wa afya piga 937. Kwa dharura piga 997.

Haki yako

Sheria ya kazi ya Saudi Arabia humtaka mwajiri amkinge mfanyakazi dhidi ya hatari na magonjwa ya kazini, bila kumkata mshahara kwa ajili ya kinga hiyo. Ajali na magonjwa ya kazini huhusu bima ya jamii, GOSI, ambayo mwajiri ndiye anayeilipia kwa ajili ya mfanyakazi mgeni. Tunza mkataba wako na vyeti vya hospitali mahali salama. Mapafu yakishaota makovu hayarudi yalivyokuwa. Kinga ni ya leo.