UUGUZI NI MKONO NA KALAMU

Mada yangu ni masomo ya uuguzi na ya ofisi ya rekodi za hospitali. Nimeichagua kwa sababu sisi wa kidato cha tatu tunaulizwa kila siku nyumbani, "Utasomea nini?" Ukijibu unesi, utasikia, "Ah, kazi ya kudunga watu sindano tu, tena ya wasichana!" Kumbe sivyo.

Hapa Kilimani masomo haya yako jirani. Katika barabara ya Argwings Kodhek iko Nairobi Hospital, ambayo ina chuo chake cha uuguzi. Ukifuata Ngong Road kuelekea mjini, karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, utakuta makao makuu ya chuo cha KMTC kilichoanzishwa mwaka 1927. Binamu yangu anasomea uuguzi, na ndiye ninayemsumbua kwa maswali.

Diploma ya uuguzi huchukua miaka 3. Mwanafunzi huanza na mwili wa binadamu: mifupa, damu, moyo na figo. Halafu husoma vijidudu, dawa, huduma ya kwanza na maadili ya kazi. Baadaye huja ukunga, afya ya watoto, afya ya akili na afya ya jamii. Si darasani tu. Hupelekwa wodini, na kazi aliyoifanya huandikwa katika kitabu chake na kutiwa sahihi na msimamizi. Akimaliza, hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya ndipo aandikishwe.

Tena kuna chati. Mtu mzima mwenye afya ana joto la nyuzi 37 hivi, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na huvuta pumzi mara 12 hadi 20. Tarakimu hizi huandikwa asubuhi, mchana na usiku. Kwa nini? Kwa sababu nesi wa usiku hakumwona mgonjwa mchana. Anachojua ni kile alichoandika mwenzake. Kama sindano ilidungwa na haikuandikwa, mgonjwa anaweza kudungwa mara mbili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, uhai? Ndiyo maana kuna kozi nzima ya rekodi za afya. Wanafunzi wake husoma majina ya magonjwa, takwimu, kompyuta na jinsi ya kutunza siri za mgonjwa, siri ambazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2019 kuhusu data. Pia hujifunza kuupa ugonjwa nambari kutoka orodha ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mfano, katika orodha ya kumi, B54 ni malaria ambayo aina yake haikutajwa. Hivyo serikali hujua ni wapi malaria imezidi, na dawa zipelekwe wapi. Hata Florence Nightingale, aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, alihesabu vifo na kuvichora kwa michoro, akaonyesha kwamba wengi waliuawa na magonjwa kuliko majeraha.

Mwaka jana tulimpeleka bibi yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Faili yake haikuonekana. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane, naye anaulizwa upya dawa anazomeza. Bibi hajui majina yake. Anajua tu kwamba moja ni nyeupe na nyingine ni ya manjano! Siku hiyo nilielewa kwamba karatasi nayo ni tiba.

Sasa tuje kwa Kiswahili chetu. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nesi akimwambia mzee, "Meza kila saa nane," mzee anaweza kuelewa kwamba ameze saa nane mchana, basi, mara moja kwa siku! Inafaa aambiwe, "Meza saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, na saa nne usiku." Kwenye chati saa nane hiyo ya mchana huandikwa 1400. Nesi basi lazima azijue saa za aina mbili, na asizichanganye.

Na msidhani nasema hivi kwa kuwa hili ni gazeti la chama. Ili kuingia diploma ya uuguzi unahitaji wastani wa C katika KCSE, C katika Biolojia, na C katika Kiingereza au Kiswahili. Juu ya hayo unahitaji C ya kutoa katika Hisabati, Fizikia au Kemia. Umeona? Insha tunazoandika hapa ni sehemu ya mlango.

Mvulana au msichana, usione haya kuitaja kazi hii. Mwaka 2022 Anna Qabale Duba, muuguzi kutoka Marsabit, alishinda tuzo ya wauguzi ya dunia huko Dubai. Basi wenzangu, tusome Biolojia, tutunze Kiswahili, na tuandike hati inayosomeka. Kuna bibi ya mtu anayengoja kwenye benchi.