Perege wa Shimo la Matofali

Huhitaji kwenda mbali ili ukute maji Ifakara. Toka sokoni kwa baiskeli, pita mashamba ya mpunga yaliyoshikana na nyumba za mwisho za mji, na kabla kijasho hakijakutoka vizuri utakuta shimo lililojaa. Kuna mtu alichimba hapo udongo wa matofali, akafyatua, akachoma tanuri lake, akajenga, akahamia, na shimo akaliacha. Masika yakalijaza. Sasa lina matete upande mmoja na mayungiyungi upande mwingine, na jioni, jua likielekea milima ya Udzungwa, utakuta vijana watano au sita wamechuchumaa ukingoni na fito zao, kimya kuliko watu walio msikitini.

Mimi ni mmoja wa watu wa mashimo haya tangu utotoni, na sijayaona kuwa mashimo tangu siku mjomba aliponishikisha ufito wa kwanza.

Vifaa havigharimu. Ufito wa mwanzi, mshipi wa nailoni, ndoano ndogo ya dukani, nati ya baiskeli iliyochakaa kuwa chubwi, na chelezo kilichokatwa kwenye kandambili iliyokwisha. Nyungunyungu huchimbwa nyuma ya bafu, mahali ambapo udongo haukauki. Kwa perege donge la ugali lililokandwa likakaza linatosha. Kwa kambale watu wana siri zao: utumbo wa kuku, nyama iliyoanza kunuka, hata kipande cha sabuni ya mche. Kambale huona kwa pua na kwa masharubu kuliko kwa macho, kwa hiyo harufu ndiyo taa yake.

Anayejua hawachanganyi hawa wawili. Perege huonja. Chelezo kinatetemeka, kinatulia, kinatetemeka tena, kisha kinateleza upande kama kinavutwa na mtoto. Ukivuta mapema umempa mlo wa bure. Kambale hana mzaha huo. Chelezo kinazama moja kwa moja na ufito unapinda, na ukimtoa usimkamate ovyo, kwa kuwa pezi la ubavuni lina mwiba unaoweza kukukumbusha juma zima. “Mshike nyuma ya kichwa, mwanangu,” mjomba aliniambia, nami nilimwitikia huku mkono wangu ukiwa tayari unavuja damu.

Swali lililonisumbua nikiwa mtoto ni moja: hawa samaki walifikaje hapa? Hakuna mtu aliyewamwaga. Shimo lilichimbwa likiwa kavu.

Jibu ni masika. Ifakara imekaa kwenye mguu wa bonde, kati ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito ya Ruhudji na Mnyera hukutana na kuuzaa Mto Kilombero, vijito kadhaa vya milimani huushukia, na mvua zikikolea mto huacha kuwa mto na kuwa bahari ya majani. Aprili 2002 bonde hili la mafuriko, hekta 796,735, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Kilombero pekee huupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Maji hayo yakipanda, na Mto Lumemo nao ukivimba upande wa mjini, samaki hutoka kitandani mwa mto kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa. Maji yakirudi, wengine hubaki nyuma, kwenye vidimbwi, mifereji na mashimo ya matofali.

Kambale hahitaji hata mfereji. Juu ya mashavu yake ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, na kwa hicho huvuta hewa kama sisi. Usiku wa mvua hujikokota juu ya matope na majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi jingine. Perege naye hulea. Dume huchimba kisahani chini ya maji na kukilinda, jike akitaga huyakusanya mayai mdomoni, na hata vifaranga wakishaanguliwa, kivuli kikipita juu yao hukimbilia tena kinywani mwa mama. Nimekaa ukingoni saa nzima asubuhi ya maji maangavu nikitazama visahani hivyo, ndoano ikiwa kavu, na sikuona kama nimepoteza siku.

Perege wa kwetu si samaki wa kila mahali. Asili yake ni Rufiji na mito jirani ya mashariki mwa Tanzania. Hii ndiyo sababu nasitasita ninaposikia mtu akishauri tupande samaki wa kigeni kwenye mashimo haya ili “yawe na faida”. Si kwamba samaki hao hawana raha yao. Huko Uingereza samaki anayependwa na watu wa ndoano kwenye maziwa madogo ya mijini ni kapi, yule mnene mwenye masharubu manne mafupi. Mtu hupiga hema ukingoni, hukesha siku mbili tatu, humtoa kapi wa kilo kumi na tano, humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini. Naielewa furaha hiyo. Kapi pia si mgeni kabisa kwa ukoo. Ningu wa Ziwa Victoria ni nduguye.

Lakini tazama Naivasha, Kenya. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kumtia kapi kwenye ziwa lile. Inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia huko juu, akashuka na Mto Malewa, na kufikia 2001 akaanza kuonekana nyavuni. Haikupita miaka kumi akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa pale. Wavuvi wanamuuza na wanamla, hilo siwezi kulikataa. Ila kapi hula kwa kufukua tope, na maji anayoyafukua huchafuka. Ziwa halikurudi lilivyokuwa. Watafiti wamekwisha kuwakuta sato waliotoka kwenye ufugaji katika mito mingi ya Tanzania, na sato huzaana na perege wenyeji. Anayemwaga samaki kwenye shimo la matofali Ifakara anamwaga mtoni. Kinachosubiriwa ni Aprili tu.

Kuna upande mwingine wa maji haya ambao mtu wa Ifakara hawezi kuunyamazia. Mji wetu unajulikana kwa malaria kuliko kwa samaki. Tangu 1957, Waswisi walipofungua maabara ndogo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, mbu wa bonde hili wamechunguzwa pengine kuliko mbu wa mahali popote Afrika Mashariki. Miaka ya karibuni imeonekana kwamba mbu aina ya funestasi ndiye anayebeba zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi hapa, na funestasi hupenda maji yasiyokauka yenye majani kandokando: chemchemi, mabwawa ya wastani, vijito vya polepole. Ndipo hasa tunapokaa na fito zetu jua likizama. Ndiyo maana mimi huondoka kabla giza halijashika, hata kama kambale ndio kwanza wameamka.

Na hapo ndipo ninapoumia nikiona chandarua majini. Mwaka 1997 mradi wa vyandarua vyenye dawa ulianza Kilombero na Ulanga, na utafiti uliofuata ulionyesha kuwa uwezekano wa kuishi kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 wanaolala ndani yake ulipanda kwa asilimia 27. Kitambaa hichohicho, kikishikwa na watu wawili na kukokotwa kwenye dimbwi, hubeba vifaranga wote wa perege pamoja na mama zao. Ndoano humchagua mmoja na kumwacha mwenzake. Chandarua hakichagui, na watoto wa mwenye kukikokota hulala bila kinga usiku uleule. Sisemi haya kwa dharau. Nimewaona wanaofanya hivyo, na wengi wao hufanya mwezi ambao mpunga wa mwaka jana umekwisha ghalani na wa mwaka huu bado mbichi.

Juma lililopita nilipata perege watatu wa kiganja na mmoja mdogo kuliko kidole. Kijana aliyekuwa jirani yangu alinitazama nikimchomoa huyo mdogo ndoanoni. “Babu, huyo anafaa kwa dagaa,” akasema. Nikamlaza kwenye kina cha kifundo cha mguu. Alibaki pale kidogo, mashavu yakifunguka na kufungika, halafu akaingia chini ya yungiyungi. Watatu waliobaki walipikwa kwa nazi, na wali wa mpunga wa hapahapa.