Udaktari ughaibuni: Asiye na fedha hulipa kwa lugha

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mawakala wa vyuo vya nje hawalali. Matangazo yao hujaa kwenye simu za vijana waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na maneno ni yale yale: udaktari kwa Kiingereza, ada nafuu, viza ya uhakika. Aliyekosa nafasi katika vyuo vya udaktari vya Tanzania kama Muhimbili, KCMC au Bugando huyasoma mara mbili. Aliyepata nafasi lakini akakosa mkopo huyasoma mara tatu.

Swali la kwanza la mzazi huwa ni ada. Ni swali la haki, lakini halimfikishi mbali. Ukizipanga nchi zinazosomesha wageni udaktari, utaona utaratibu unaojirudia: panapofundishwa kwa Kiingereza, mgeni hulipa, panapofundishwa kwa lugha ya wenyeji, mara nyingi hupunguziwa au husomeshwa bure. Kijana asiye na fedha anayetaka kusoma nje aanze kujiuliza yuko tayari kujifunza lugha gani.

Milango ya wenye uwezo

Uingereza na Marekani ndizo zinazotajwa zaidi vijiweni, nazo ndizo ngumu zaidi kwa mfuko mdogo. Uingereza, maombi ya udaktari hufungwa Oktoba 15, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Mwombaji huruhusiwa kuchagua kozi nne tu za udaktari, na mgeni hutozwa ada kubwa mara kadhaa kuliko mwenyeji. Marekani, udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Vyuo vingi vya tiba huko havipokei wageni kabisa, na baadhi ya vinavyopokea hutaka ada ya mwaka mmoja au zaidi iwekwe benki kabla mwanafunzi hajaingia darasani. Mikopo ya serikali za nchi hizo haikuwekwa kwa ajili ya mgeni aliyekuja kwa viza ya masomo.

Bodi yetu ya Mikopo nayo imejikita kwa wanaosoma vyuo vya ndani. Familia isijipe matumaini kwamba mtoto atatangulia, mkopo utamfuata huko aliko.

Bure, lakini kwa Kihispania

Cuba ilianzisha Chuo cha Tiba cha Amerika ya Kilatini, ELAM, jijini Havana mwaka 1999, baada ya vimbunga vya Mitch na Georges kuliumiza eneo la Karibiani na Amerika ya Kati. Lengo lilikuwa kusomesha vijana wa familia maskini bila ada, kwa matarajio kwamba watarudi kutibu watu wao. Masomo ni kwa Kihispania, na asiyekijua huanza nacho kabla ya anatomia.

Uturuki ina Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali unaolipa ada, bweni, posho, nauli ya ndege na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Kuomba hakuna malipo. Masharti ndiyo yanayochuja: mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21, na anayetaka udaktari awe na alama zisizopungua asilimia 90, ilhali kozi nyingine huanzia asilimia 70. Dirisha lake kwa kawaida hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20, yaani kabla mtahiniwa wetu wa kidato cha sita hajaingia chumba cha mtihani mwezi Mei. Anayesubiri matokeo ya Julai ndipo aanze kutafuta, amechelewa. Aliye mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba kwa rekodi zake za shule.

Urusi husomesha wageni kwa nafasi za serikali zinazofuta ada. Nauli na bima hubaki kwa mwanafunzi, na posho peke yake haitoshi kuishi. Udaktari huko ni miaka sita, na mwaka wa maandalizi ya Kirusi huifanya saba.

Ujerumani inakuita, benki inakuzuia

Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Habari hiyo husambaa haraka. Yanayofuata hayasambai. Udaktari hufundishwa kwa Kijerumani cha kiwango cha juu, nafasi za wasio wa Umoja wa Ulaya ni chache mno, na ambaye cheti chake hakitoshelezi hupitia kwanza chuo cha maandalizi. Kisha kuna akaunti maalumu ya benki ambayo mwombaji wa viza huonyesha kwayo kwamba ana fedha za kujikimu mwaka mzima. Mwaka 2024 kiwango chake kilipanda hadi euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni 30. Kwa hiyo nchi isiyotoza ada bado inakutaka uwe na mamilioni benki.

Italia, mlango wa pembeni

Italia inavunja kidogo ule utaratibu wa Kiingereza kulipiwa. Vyuo vya umma kadhaa, vikiwamo La Sapienza cha Roma na Pavia, hufundisha udaktari kwa Kiingereza, na ada hupangwa kulingana na kipato cha familia. Kuna pia ufadhili wa mikoa kwa wenye kipato kidogo, unaoweza kufuta ada na kutoa posho, chakula na malazi.

Mlango wake ni mtihani wa IMAT: maswali 60 kwa dakika 100. Jibu sahihi ni alama 1.5, jibu la kosa hukata 0.4, na swali lililoachwa wazi halikati kitu. Mzoea kubahatisha ataumia.

Ufadhili wenyewe unataka nyaraka za kipato na mali za familia, zilizotafsiriwa na kuthibitishwa. Mtoto wa mfanyakazi mwenye hati ya mshahara atazipata. Mtoto wa mkulima itabidi aanzie kwa mtendaji wa kijiji na kupanda ngazi, ofisi hadi ofisi, kwa hiyo aanze mapema. Posho haitolewi siku ya kufika, hivyo lazima awe na fedha za miezi ya mwanzo. Na wodini mgonjwa ataeleza maumivu yake kwa Kiitaliano, hata kama darasani mhadhara ulikuwa wa Kiingereza.

Bei ya kutomaliza

Wengi waliochagua njia ya Kiingereza kwa ada ya kati walikwenda China na Ukraine. Machi 2020 China iliwafungia wageni mipaka, na viza za wanafunzi hazikurejea hadi Agosti 2022. Fani ya vitendo ikasomwa kupitia skrini. Februari 24, 2022 Urusi ilivamia Ukraine, na wanafunzi wa Kiafrika wakakimbilia mipakani wakiacha nyaraka na ada walizokwisha kulipa. Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, Sudan, na Watanzania waliokuwa wakisoma huko wakarudishwa nyumbani. Anayesoma kwa fedha za kuungaunga hana akiba ya kuanza upya.

Hata anayemaliza bado ana mlango wa nyumbani. Tanzania, shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kisha Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili, na utarajali wa mwaka mmoja unamsubiri. Kenya, aliyesomea nje hufanya mtihani wa baraza la KMPDC kabla ya utarajali. Chuo kisichotambulika hakina bei nafuu, hata kikisomesha bure.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumpa wakala hata shilingi moja, nenda TCU uulize mambo matatu: kama chuo kinatambulika, kama wakala ameidhinishwa, na kama mtoto anatimiza sifa za kupewa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Nawe kijana uliye kidato cha tano, chagua nchi moja sasa, andika tarehe ya dirisha lake, na uanze lugha yake mwaka huu. Ukingoja matokeo, utabakiwa na vyuo vinavyotaka fedha ambazo huna.