SOMO LA LEO: KIAZI KILICHOOZA NA UMBO LA KIMENG'ENYA

Natumaini mwalimu wenu amekwisha andika ubaoni maneno matatu: pektini, kimeng'enya, fuwele. Yasomeni pole pole huku mkinisikiliza.

Mkulima ameweka viazi ghalani. Baada ya siku chache anashika kimoja, kidole kinazama. Ndani kimekuwa uji, tena kinanuka. Gunia zima laweza kupotea hivyo. Aliyefanya kazi hiyo ni bakteria, naye hana meno. Ametafunaje?

Kiazi kimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Kati ya seli na seli kuna kitu cha kuzishikamanisha, kama udongo baina ya matofali. Hicho ndicho pektini. Bakteria hutoa kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalum, na kazi ya hiki ni kukata pektini. Udongo ukikatika, matofali huanguka. Ndipo bakteria hupata chakula.

Mwaka 1993, huko Marekani, Marilyn Yoder, Noel Keen na Frances Jurnak walitangaza umbo la kimeng'enya kimoja cha namna hiyo. Kilitoka kwa bakteria aliyeitwa wakati ule Erwinia chrysanthemi. Tangu mwaka 2005 yumo katika jamii iitwayo Dickeya. (Majina haya hayatakuwamo katika imla, msihofu.)

Waliuonaje umbo la kitu kidogo hivyo? Darubini ya darasani haiwezi. Kwanza kimeng'enya husafishwa, kisha hugeuzwa kuwa fuwele. Mnajua punje ya chumvi? Hiyo ni fuwele: chembe zake zimejipanga safu kwa safu kama askari kwenye gwaride. Fuwele hupigwa miale ya eksirei, na miale hutawanyika na kuacha madoa madoa. Si picha ya kimeng'enya, ni madoa tu! Kutoka kwenye madoa hayo wataalamu hupiga hesabu ndefu, mpaka wajue kila atomi imekaa wapi.

Protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa. Uzi wa kimeng'enya hiki ulionekana umejizungusha, mzunguko juu ya mzunguko, kama ukili unavyozungushwa mtu anaposhona kapu. Umbo hilo lilikuwa halijapata kuonekana katika protini yo yote. Ubavuni mwa kapu mna mfereji. Pektini hulala humo, kalsiamu huishika, nayo hukatwa. Pasipo kalsiamu, kimeng'enya hiki hakikati. Ajabu ni kwamba kalsiamu hiyo hiyo huimarisha pektini ndani ya mmea. Basi mwizi na mwenye nyumba wanatumia chombo kimoja.

Ghalani, bakteria huyu hupenda joto na unyevu, naye huingia upesi penye jeraha la jembe.

Sasa zungumzeni darasani: kwa nini viazi vilivyokatwa na jembe visiwekwe gunia moja na vizima? Kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi mbili. Kwaherini.