Jinsi Mpango Mpya wa Ulinzi Unavyoweza Kubadili Timu ya Mpira

Leo twataka kuzungumza juu ya mpira wa miguu, wala si juu ya nguvu za miguu wala mbio, bali juu ya jambo ambalo watazamaji wengi hawaliangalii, nalo ni mahali anaposimama kila mchezaji.

Timu ikifungwa, desturi yetu ni kumtafuta mwenye kosa. Wa kwanza kulaumiwa ni golikipa, wa pili ni beki, na wa tatu ni refa. Ni wachache waulizao: Je, watu wetu walipangwa sawasawa? Kwa sababu hiyo vijana wengi wazuri wameondolewa katika timu zao kwa aibu, na kumbe kosa halikuwa lao. Basi tutaeleza habari za timu moja ya mji wa London, iitwayo Arsenal, iliyojiuliza swali hilo baada ya kushindwa vibaya, na jibu lake likageuza mchezo wenyewe.

Kwanza yafaa kujua mpango wa zamani. Siku zile timu ilikuwa na golikipa mmoja, mabeki wawili, mahafu watatu, na mafowadi watano. Yule hafu wa katikati, yaani senta-hafu, alikuwa kama nahodha wa chombo. Aliruhusiwa kwenda huko na huko, akisaidia kulinda, kisha akipanda mbele kuwagawia mafowadi mipira. Kila kijana hodari alitamani nafasi hiyo.

Mpango huo ulikuwa salama kwa sababu ya sheria ya ofsaidi, yaani kuotea. Sheria ilisema kwamba mshambuliaji aliye mbele ya mpira, katika nusu ya uwanja ya wapinzani, ameotea ikiwa hakuna wapinzani watatu baina yake na mstari wa goli wakati mwenziwe anapompigia mpira. Tazameni hila iliyotokea hapo. Beki mmoja alibaki nyuma pamoja na golikipa, na beki wa pili akapanda mbele hatua chache. Papo hapo mshambuliaji alikuwa na wapinzani wawili tu mbele yake, na refa akapiga filimbi. Bill McCracken, beki wa Newcastle United, alikuwa na sifa kubwa kwa ufundi huo. Filimbi zikawa nyingi, mabao yakawa machache, na watazamaji wakachoka.

Mwaka 1925 wakuu wa mpira walibadili sheria, wakapunguza idadi ya wapinzani kutoka watatu kuwa wawili. Neno moja tu lilibadilika, lakini mlango ulifunguka. Katika ligi ya daraja la kwanza ya Uingereza, mabao ya msimu wa 1924 hadi 1925 yalikuwa 1,192. Msimu uliofuata, kwa idadi ile ile ya michezo, yalikuwa 1,703. Maana yake, mahali palipopatikana mabao kama 5 katika michezo miwili, sasa yalipatikana zaidi ya 7. Ile hila ya beki mmoja kupanda ikawa ya hatari, kwani akikosea kidogo, mshambuliaji alibaki peke yake na golikipa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka huo huo wa 1925 Arsenal walimpata mgeni, Bwana Herbert Chapman, awe mkuu wa timu. Alitoka Huddersfield Town, ambako timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Arsenal nao walikuwa wamemaliza msimu wa nyuma katika nafasi ya 20 kati ya timu 22. Chapman alimnunua fowadi mmoja mzee wa mchezo, Charlie Buchan, kwa pauni 2,000, pamoja na pauni 100 kwa kila bao atakalofunga katika msimu wa kwanza.

Tarehe 3 Oktoba 1925 Arsenal walikwenda Newcastle, wakafungwa mabao 7 kwa bila. Hapo mkuu mwingine angaliweza kupiga meza na kufukuza watu. Chapman aliketi na wachezaji wake akawasikiliza. Buchan akashikilia shauri lake kwamba senta-hafu asizurure tena, bali arudi nyuma asimame katikati ya mabeki wawili, awe beki wa tatu. Siku mbili baadaye Arsenal walicheza na West Ham United kwa mpango huo, wakashinda mabao 4 kwa bila.

Sasa tufahamu kwa nini jambo hili si jepesi kama linavyosikika. Mwenye shamba akiung'oa mti mmoja wa ua ili kuziba pengo la upande huu, amefungua pengo upande ule. Senta-hafu aliporudi nyuma, mlango wa goli ulipata mlinzi, na mabeki wawili wakapata nafasi ya kwenda pembeni kuwakabili mawinga wa wapinzani. Lakini katikati ya uwanja pakawa pengo. Nani ataushika mpira hapo na kuupeleka mbele? Basi ilibidi fowadi mmoja wa ndani, yaani insaidi, arudi nyuma kulijaza pengo. Mchezaji wa kwanza kupewa kazi hiyo alikuwa Andy Neil, ambaye hata katika timu ya kwanza hakuwa na nafasi ya kudumu. Hakuwa mwenye mbio, ila alijua kuutuliza mpira na kumpa mwenziwe aliye tayari.

Baadaye insaidi wa pili naye alirudi, na mpango ukatimia. Chukueni kijiti mkachore mchangani. Goli lenu liwe karibu nanyi. Chini wekeni alama tatu, ndio mabeki. Juu yake alama mbili, ndio mahafu. Mkiziunganisha kwa mstari mtapata herufi M. Mbele yake wekeni alama mbili za mainsaidi, na juu yake alama tatu, yaani mawinga wawili na fowadi wa katikati. Hizo mkiziunganisha mtapata herufi W. Ongezeni golikipa, mtaona watu 11 wametimia. Tena mtaona kwamba kila mlinzi anajua mtu wake: beki wa katikati humkabili fowadi wa katikati, mabeki wa pembeni huwakabili mawinga, na mahafu huwakabili mainsaidi.

Lakini alama za mchangani hazina moyo, na wachezaji wanao. Hapa ndipo palipo uzito wa habari yetu. Jack Butler, senta-hafu wa Arsenal wakati ule, alikuwa amekwisha kuichezea nchi ya Uingereza. Aliambiwa aache kupanda mbele, asimame nyuma akingoje hatari. Baada yake alikuja Herbie Roberts, aliyenunuliwa mwaka 1926 kutoka timu ndogo ya Oswestry Town kwa pauni 200. Huyu hakujulikana kwa chenga wala kwa mashuti. Kazi yake ilikuwa moja, kulinda lango, na watu walimwita Polisi. Hata Alex James, fundi kutoka Scotland aliyenunuliwa mwaka 1929 kwa pauni 8,750, alizoea kufunga mabao huko Preston. Arsenal walimtaka arudi nyuma awalishe wengine, na haikuwa rahisi kwake kukubali. Alipokubali, akawa moyo wa timu. Katika michezo zaidi ya 250 alifunga mabao yasiyofika 30, lakini mabao aliyowapatia wenziwe ni mengi mno.

Matunda hayakuiva kwa siku moja. Msimu wa kwanza Arsenal walishika nafasi ya pili. Kikombe cha kwanza walikipata mwaka 1930, walipowashinda Huddersfield mabao 2 kwa bila. Mwaka 1931 walitwaa ubingwa wa ligi, kisha tena mwaka 1933, 1934 na 1935. Chapman mwenyewe alifariki tarehe 6 Januari 1934, lakini mpango wake uliendelea kuzaa.

Huenda mtu akasema, timu inayorudisha watu nyuma itafunga vipi? Msimu wa 1930 hadi 1931 Arsenal walifunga mabao 127 katika michezo 42. Sababu ni kwamba wapinzani walipopanda kwa wingi na kupokonywa mpira, waliacha uwanja wazi nyuma yao, na James aliupeleka mpira upesi kwa mawinga wenye mbio. Winga mmoja, Cliff Bastin, alifunga mabao 33 ya ligi katika msimu mmoja. Basi ulinzi mzuri si adui wa mashambulizi, bali ni mama yake.

Hata hivyo tusidhani kwamba mpango huo ulikuwa dawa ya milele. Timu nyingi ziliuiga zikampata Roberts wao, lakini hazikumpata James, na mchezo wao ukawa wa kupiga mpira mbele ovyo. Tena, tarehe 25 Novemba 1953, timu ya Hungary ilikwenda Wembley ikawafunga Waingereza mabao 6 kwa 3. Fowadi wao wa katikati, Hidegkuti, hakukaa mbele, bali alirudi nyuma. Beki wa Waingereza aliyezoea kumkabili hakujua la kufanya. Akimfuata, aliacha mlango wazi. Akibaki, Hidegkuti alikuwa huru. Siku hiyo alifunga mabao matatu. Kila kufuli ina ufunguo wake.

Basi tunajifunza nini sisi tulio na viwanja vya vumbi na mipira ya kushona? Kwanza, timu ikifungwa, tusikimbilie kumfukuza mtu kabla ya kutazama mpango. Pili, anayebadili nafasi ya mtu mmoja na afikiri nani atakayejaza nafasi iliyoachwa. Tatu, mwalimu na awasikilize wachezaji wake, kwani jicho lililo uwanjani huona yasiyoonekana kutoka pembeni. Na neno la mwisho ni kwa vijana. Anayefunga bao hubebwa mabegani, na aliyezuia bao hurudi nyumbani kwa miguu yake. Siku mtakapomshangilia na huyu wa pili, ndipo mtakapokuwa na timu.