Posho ya Matibabu au Kadi ya Bima?

Chukua makarani wawili wa mashamba ya mkonge wilayani Korogwe, mmoja upande wa Magoma, mwingine upande wa Hale. Kila mmoja analipwa Sh600,000 kwa mwezi, na kila mwajiri ametenga Sh30,000 za ziada kwa ajili ya matibabu. Karani wa Magoma anapewa fedha hiyo mkononi, imeandikwa "posho ya matibabu" kwenye hati yake ya mshahara. Karani wa Hale haioni kabisa, kwa sababu mwajiri anailipa moja kwa moja kwenye bima ya afya.

Makarani hawa ni wa mfano, ila hesabu yao ndiyo inayofanyika kila mwisho wa mwezi. Wengi wangemwonea wivu wa Magoma. Pesa iko mkononi, na asipougua atanunulia sukari.

Tatizo ni kwamba posho inayolipwa taslimu huhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unakata asilimia 10, yaani Sh3,000. Zinazobaki, Sh27,000, zinaangukia kwenye daraja la kodi la asilimia 20, linalohusu kipato cha kati ya Sh520,000 na Sh760,000 kwa mwezi. Mamlaka ya mapato, TRA, inachukua Sh5,400. Karani wa Magoma anabaki na Sh21,600 za kwenda nazo hospitali. Zile Sh3,000 atazikuta uzeeni, lakini za kodi hazirudi, nazo kwa mwaka zinafika Sh64,800. Mwenzake wa Hale hakukatwa hata senti katika Sh30,000 zake.

Mwanya huu umo ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Sheria hiyo inasema kwamba matibabu anayogharimia mwajiri, pamoja na malipo anayofanya kwa bima ya matibabu, hayahesabiwi katika kipato cha mfanyakazi kinachotozwa kodi. Masharti ni mawili. La kwanza, huduma imhusu mfanyakazi mwenyewe, mwenzi wake na watoto wao wasiozidi wanne. La pili, mwajiri aitoe bila ubaguzi. Shamba linalomkatia bima meneja na wahasibu wake peke yao, huku fundi wa mitambo na mlinzi wakiambiwa wajitegemee, haliwezi kudai nafuu hiyo.

Sharti hilo la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Wafanyakazi wanaokaa mezani na mwajiri kujadili maslahi huishia kuomba nyongeza ya posho, kwa kuwa posho inaonekana na kuhesabika. Lakini wakiomba shilingi ileile ilipwe kama bima ya wafanyakazi wote, mwajiri hatoi zaidi na wao wanapata matibabu ya thamani kubwa zaidi.

Kwa watumishi wa umma mpango huo tayari upo, hata kama wengi wao hawajawahi kuutazama hivyo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, na serikali inaongeza asilimia 3. Mwalimu wa Handeni mwenye mshahara wa Sh800,000 anakatwa Sh24,000, na serikali inaweka Sh24,000 nyingine. Kama sehemu hiyo ya serikali angepewa mkononi, mfuko wa pensheni wa PSSSF ungechukua Sh1,200 na kodi ya asilimia 25 ingechukua Sh5,700. Angebaki na Sh17,100. Ikipitia NHIF, inafika nzima. Kadi yake humtibu yeye, mwenzi wake na wategemezi hadi wanne, iwe Hospitali ya Magunga mjini Korogwe au Bombo mjini Tanga.

Wa sekta binafsi nao wana mlango mwingine. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF hutolewa kwanza, kisha kodi hukokotolewa kwenye kinachobaki. Mwaka 2005 mfuko huo ulianzisha fao la matibabu linalotokana na michango hiyohiyo, bila makato ya ziada. Ni fedha ya matibabu ambayo haijaguswa na kodi, japokuwa wako wanachama waliochangia miaka mingi bila kuulizia fao hilo.

Ng'ambo ya Horohoro, Kenya imekwenda hatua moja mbele. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya mfuko wa bima ya afya ya jamii, SHIF. Mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo sheria ya kodi ilibadilishwa, na makato hayo ya mfanyakazi mwenyewe sasa hutolewa kabla ya kodi kupigiwa hesabu. Aliye katika daraja la asilimia 30 anapunguziwa Sh30 za kodi kwa kila Sh100 anazochangia.

Marekani, ambako Watanzania na Wakenya wengi wameajiriwa, mtindo ni wa akaunti. Mfanyakazi anaamua mwenyewe kiasi kitakachotengwa kutoka kwenye mshahara kabla ya kodi, na fedha hiyo anaitumia kwa dawa, meno, miwani na gharama nyingine za tiba. Akaunti za aina moja, zilizoanza mwaka 2004, ni mali yake hata akihama kazi, na salio huvuka mwaka. Nyingine hufungwa na mwaka: kisichotumika hupotea, isipokuwa kiasi kidogo ambacho baadhi ya waajiri huruhusu kivuke. Ndiyo maana Desemba ikikaribia, maduka ya miwani ya huko hujaa wateja.

Nafuu hizi zote, hata hivyo, zinamfaa anayelipa kodi. Tanzania Bara, kodi ya mshahara inaanzia juu ya Sh270,000 kwa mwezi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha Sh140,000 kwa mfanyakazi wa kilimo. Mkata mkonge ambaye mshahara wake hauvuki Sh270,000 hana kodi ya kuokoa. Kinachomfaa yeye ni mwajiri kubeba sehemu ya mchango, na hapo ndipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapomgusa, kwa kuwa inamtaka mwajiri wa sekta binafsi amwandikishe mfanyakazi wake kwenye bima na amchangie.

Mkulima wa mahindi wa Sindeni au Mkata, wilayani Handeni, hana hata hati ya mshahara. Kwa watu wa aina yake uliundwa Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa, mchango uliwekwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kwa matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa mkulima tarehe ya kulipa ina uzito zaidi kuliko kodi: baada ya mavuno fedha ipo, lakini masika, mbu wanapozidi na ghala likiwa tupu, Sh30,000 ni mzigo.

Kwa aliye kwenye ajira, kazi inaanzia ofisi ya mishahara. Aulize kama fedha ya matibabu inalipwa kama posho au kama bima. Aulize kama vibarua na walinzi nao wamo, maana nafuu ya kodi inasimama hapo. Ahakikishe majina ya mwenzi na watoto yameandikishwa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa juzi hajulikani na mfumo mpaka cheti chake cha kuzaliwa kipelekwe. Na kama ni mwanachama wa NSSF, aulize utaratibu wa kuchagua hospitali ya fao la matibabu kabla homa haijaingia nyumbani.